Mnara wa Langoni na Maji ya Mkanda

"Mpira ukipita juu ya kichwa changu, msiufuate! Huo umeshakuwa wa malaika!"

Hamdu aliyasema hayo kwa maikrofoni, mbele ya ngome ya Amu, mjini Lamu, siku timu ya mtaa wa Langoni ilipochukua kombe la visiwa mara ya pili mfululizo. Watu walicheka hadi punda wakageuza masikio. Wazee wa barazani walivuta astaghfirullahi ndefu, kisha wakacheka nao, nyuso wamezificha kwa kofia. Ijumaa iliyofuata imamu hakutaja jina la mtu, lakini alipofika kwenye habari za kiburi alinyanyua macho juu sana, kama anayekagua boriti za dari, na msikiti mzima ukajua anayesemwa ni nani.

Alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo, na urefu wa futi sita na inchi tano. Kipaji cha uso wake kilikuwa na alama mbili: moja ya sijda, ya pili ya mlango wa Bi Zamzam, shangazi yake aliyempokea Langoni alipovuka kutoka Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Nyumba za Langoni zilijengwa na watu wenye heshima nyingi na kimo cha wastani. Kila Hamdu alipoingia kula alibisha hodi mara mbili, ya mdomo na ya kichwa. Riziki yake ilikuwa kupaka nyumba za watu chokaa. Mafundi wenzake walikwenda kazini na ngazi. Yeye alikwenda na kopo, brashi, na mtu wa kumpa habari za mji.

Lakini chokaa ilikuwa ya tumbo. Moyo ulikuwa uwanjani.

Uwanja wa siku zile ulikuwa mchanga mtupu. Ukiusukuma mpira chini unakwenda hatua nne, unachoka, unakaa. Pasi fupi zilikuwa za watu wasio na haja ya kushinda. Kwa hivyo mpira ulichezwa hewani. Wazir, beki wa kushoto mwenye mguu kama mwiko wa pilau ya harusi, aliupiga kutoka nyuma, mrefu, na huko mbele alikuwapo Hamdu amelipa goli mgongo, mabeki wawili wamemning'inia kama kanzu kwenye msumari. Mpira ulipomshukia aliupokea kwa kifua taratibu, kama mtu anayepokezwa mtoto aliyelala, akaukinga kwa mwili, akangoja. Wenzake walipofika aliwawekea miguuni. Wao wakafunga, wao wakabebwa juu. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba. Hakuona ubaya wowote. Mji mzima ulimwita Mnara, na mnara haukimbii kumtafuta mtu. Watu ndio wanaouendea.

Kocha wa enzi hizo, marehemu Bwana Shekuwe, alitembea na kalenda ya mwezi mfukoni. Mechi ilipangwa kwa maji kwanza, refa baadaye, kwa sababu nusu ya timu na nusu ya mashabiki walitoka Pate, na boti za Pate hupita Mkanda. Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakijaa unapita unaimba. Yakipwa, boti inakaa kwenye tope, na nyinyi mnakaa ndani yake mnatazamana mpaka maji mengine.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuvuka kuja kumtazama: baba yake, Mzee Amini, mkulima wa Mbwajumali. Siku Hamdu anaondoka na viatu vya mpira ndani ya mfuko wa sukari, Mzee Amini alimwambia mbele ya majirani, "Jembe lina mpini, limekushinda. Mpira hauna pa kushika, utauweza?" Akaapa hatokwenda kutazama upuuzi. Hasira zilimchukua miaka. Zilipokwisha hasira, macho nayo yakawa yamekwisha. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Akabaki na simu.

Basi kila baada ya mechi Hamdu alimpigia. Miaka sita. Mzee alikaa kwenye kizingiti cha nyumba, simu sikioni, na kijiji chake kizima kilijua huo si wakati wa kumsalimia.

"Haya, ukafanya nini?"

"Wazir akaupiga, baba. Mrefu. Nikaruka."

"Ukaruka!"

"Wawili wako mgongoni. Nikautuliza kifuani."

"Kifuani! Mashaallah. Wende."

Na Hamdu aliendelea. Tusifichane, chumvi alikuwa akitia. Lakini mwanzoni ilikuwa chumvi ya mtu aliyepika kweli.

Kisha uwanja ukasawazishwa. Wakaja watu na mashine juu ya jahazi la mizigo, wakamwaga kokoto, wakatandika nyasi za plastiki, kijani kama shurubati ya dukani. Mji ulikwenda kuzikanyaga kama unaenda kuona mwali. Hamdu naye alivua viatu akazikanyaga, akacheka, akasema sasa ndipo watamwona. Akauweka mpira chini, akausukuma kidogo tu kwa kidole cha mguu. Mpira ukaenda. Ukaenda, ukaenda, ukavuka nusu ya uwanja peke yake, haujachoka.

Alitakiwa aelewe pale pale.

Na nyasi akaja Dawud, kocha mpya, kijana wa mtaa wa Mkomani aliyetoka kusomea ukocha Mombasa na cheti, kompyuta, na koni arobaini za plastiki. Umri wake miaka ishirini na tisa. Hamdu alikuwa na thelathini na moja. Mazoezi ya kwanza Dawud aliwaweka chini, akawaonyesha mishale kwenye kompyuta. Mishale yote ilikwenda chini chini. Hakuna hata mmoja uliopanda juu.

"Kochi," Hamdu akauliza, "na mimi mshale wangu u wapi?"

"Kaka, namba tisa wa sasa ndiye beki wa kwanza. Mpira ukipotea, yeye ndiye wa mbele kuukimbilia."

"Kwa hivyo warefu hawatakiwi tena."

"Wanatakiwa! Huko Ulaya wanatafutwa kwa tochi. Lakini mrefu anayekimbia kama mfupi. Wewe ukiupokea unasimama, na timu nzima inasimama nawe. Tunakuwa kama watu wanaongoja boti."

Vijana walicheka. Aliyecheka zaidi ni Sadiq, miaka kumi na tisa, kimo chake kwapani mwa Hamdu, miguu kama cherehani. Sadiq ndiye aliyepewa namba tisa.

Hamdu hakugomba. Alifanya jambo gumu zaidi, alijaribu. Kila alfajiri akitoka msikitini alikimbia kwa pwani hadi Shela na kurudi, futi sita na inchi tano za mtu mzima zikihema, punda wakimpisha kwa huruma. "Eh, mnara unahama!" wakamwambia wauza mahamri. Aliacha sima ya usiku. Aliacha chai ya maziwa, jambo ambalo Bi Zamzam alilichukulia kama msiba. Lakini mwili nao una miaka yake. Mazoezini alikimbilia mpira na kuufikia kama mgeni anayefika harusini wakati wa kuosha masinia: kila mtu ameshakula, ameshanawa, ameshakwenda zake.

Akawekwa benchi. Dawud hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwa adabu. "Wewe ni mpango wa pili, kaka. Tukikwama dakika za mwisho, nakuingiza, tunapiga juu." Basi ikawa hivyo. Dakika kumi leo, dakika saba wiki ijayo, wiki nyingine hakuna. Mtu aliyekuwa mlango mkuu wa nyumba akageuzwa dirisha la jikoni, linafunguliwa moshi ukizidi.

Na simu?

Simu haikubadilika. Hapo ndipo palipouma. Mechi ya kwanza ya benchi Mzee Amini aliuliza, "Haya, ukafanya nini?" Hamdu akafungua kinywa kusema ukweli, na kinywa kikasema, "Wazir akaupiga, baba. Mrefu. Nikaruka." Wiki ya pili vile vile. Ikawa miaka miwili. Kila jioni ya mechi alijifungia chumbani, jasho hana, fulana kavu, akaruka kwenye simu.

Mwaka huu wakaja madaktari wa macho. Mzee Amini akapasuliwa jicho moja, kisha la pili. Juma halijakwisha, simu ikalia, na safari hii aliyepiga ni yeye.

"Wamenitoa utando, mwanangu! Mato yameregea! Yana asubuhi nimemuona mbuzi wa jirani, kumbe ana rangi mbili. Miaka yote nikimsikia tu. Sasa wewe. Fainali ni lini?"

Hamdu alikaa kitandani, magoti yamemfika kidevuni.

"Si mbali, baba. Lakini jua kali, safari..."

"Jua gani? Mimi nimekulia shambani. Nakuya."

Hakukuwa na njia nyingine. Angemwambia nini? Baba, miaka miwili nimekudanganya kwa sababu ulikuwa huoni? Kilichobaki ni kimoja tu: siku hiyo, mbele ya macho hayo mapya, awe uwanjani. Hata robo saa. Aruke mara moja, mzee aone, na yale yote ya nyuma yapate pa kusimama.

Akamwendea Dawud. Alimkuta akipanga koni zake, Hamdu akainama kusema naye, kama anavyoinama kwa watu wote.

"Kochi, sijawahi kukuomba kitu."

"Kweli, hujaniomba."

"Baba yangu anakuja fainali. Alikuwa kipofu. Nianzishe. Dakika ishirini, kisha nitoe."

Dawud alikwaruza ndevu zake chache. "Kuanza siwezi, kaka. Shela wana mabeki wa mbio. Lakini kipindi cha pili nakuingiza, tukiongoza, tukifungwa, hata tukipigwa radi. Nakuahidi."

Hamdu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akaenda nyumbani kupiga hesabu ya maji. Siku ya fainali ilikuwa ya kumi na moja ya mwezi mwandamo. Maji yatajaa saa saba na robo mchana. Kamati imetangaza mechi saa saba na nusu, mara baada ya adhuhuri. Itakwisha saa tisa na dakika kumi na tano. Boti ya Mbwajumali ikiondoka saa tisa na nusu itapita Mkanda haijagusa tope. Alimpigia nahodha wa boti, Jeilani, wakahesabu tena pamoja. Ikawa sawa.

Na ilikuwa sawa. Hesabu ya mwezi Hamdu hakukosea hata kidogo. Alichokosea ni kudhani kwamba mwezi bado ndio unaopanga mechi.

Mzee Amini alishuka gatini na watu kumi na mmoja wa kijijini, wajomba kwa wapwa, na gunia la madafu. Amevaa kanzu ya Idi na miwani nyeusi ya hospitali. Alimwona mwanawe akija kwa mbali, kichwa juu ya vichwa vyote, akavua miwani, akasimama. Mara ya mwisho alimwona akiwa na miaka ishirini na saba.

"Kumbe una mvi," akasema. Akalia kidogo, akafuta haraka, akamsingizia dawa ya matone.

Saa saba na nusu timu zilikuwa tayari. Mgeni rasmi hakuwapo. Ndege yake haijatua Manda. Kamati ikasema tungoje kidogo. Saa nane, tungoje kidogo. Ndege ikatua, mgeni akavushwa, akapewa maua, akapewa maikrofoni. Mgeni rasmi ukimpa maikrofoni umempa na siku yako. Alisimulia utoto wake, akashukuru viongozi mmoja mmoja, akakagua nyasi. Filimbi ilipulizwa saa nane na nusu.

Hamdu alikuwa benchi, amevishwa kizibao cha rangi ya chungwa cha wachezaji wa akiba, kifupi, kimeishia kitovuni. Ng'ambo ya uwanja watu wa Mbwajumali walikaa chini na madafu yao, na katikati yao kanzu nyeupe, miwani nyeusi. Nyuma yao alisimama nahodha Jeilani. Jeilani hakutazama mpira. Alitazama saa.

Dakika ya thelathini Hamdu aliinuka.

"Kochi, boti yao inaondoka saa tisa na nusu, na kutoka hapa mpaka gatini ni mwendo. Wataondoka mapumziko. Niingize sasa."

"Kipindi cha pili, tulikubaliana."

"Kipindi cha pili hatakuwapo! Maji yanapwa, Dawud!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Dawud hakukasirika. Macho yake yalikuwa kwenye mpira, bila bila, Sadiq ametoka kukosa goli.

"Kaka, mimi siwezi kupanga timu kwa maji."

Hamdu akakaa. Wachezaji wa akiba wakasogea kumpa nafasi, ingawa nafasi ilikuwapo.

Mapumziko, Mzee Amini aliukata uwanja katikati, juu ya zile nyasi, taratibu, akizikanyaga kama anayeogopa kuzichafua. Watu wakamwachia njia. Alifika benchi akasimama mbele ya mwanawe aliyekaa, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake macho yao yalikuwa kimo kimoja.

"Mbona huku?"

Hamdu alijibu kabla hajafikiri. "Goti, baba. Limetonesheka jana. Kochi ananihifadhi."

"Lipi?"

"La kulia."

Mzee Amini alichutama, akaweka kiganja juu ya goti lile, goti zima, goti lisilo na kasoro, akafumba macho yake mapya. Akasoma Fatiha, polepole, hakuruka herufi. Akapuliza mara tatu. Benchi zima likainamisha vichwa. Hata Sadiq, aliyekuja kunywa maji, aliishusha chupa. Wote walijua goti halina kitu. Hamdu alitamani mmoja wao angecheka tu.

"Mzee, mai!" Jeilani akaita kutoka ng'ambo. "Tutakaa kwenye tope hadi usiku wa manane!"

"Nakuya." Akainuka kwa kulishika goti lile lile. "Basi. Nimekuona. Ilimradi nimekuona."

Akaenda na watu wake. Hamdu alimfuata kwa macho mpaka kanzu ikaingia uchochoroni.

Shela walifunga dakika ya hamsini na tano. Langoni wakasawazisha dakika ya sabini. Dakika ya themanini na moja Dawud aligeuka. "Mnara. Ingia." Hakusahau ahadi. Aliitimiza kama mtu anayelipia maji nyumba ikiwa imeshaungua.

Dakika ya themanini na sita mpira ulimfika Wazir kule kushoto. Wazir alikuwa mzee mwenzake wa mwisho, miaka miwili amekatazwa kupiga mpira mrefu. Alinyanyua kichwa, akamwona Hamdu amelipa goli mgongo, na mafunzo yote yakamtoka. Akaupiga. Ulipanda mpaka uwanja ukainua shingo. Mabeki wawili wa Shela wakamning'inia Hamdu mabegani, naye akaruka nao wote wawili, akakaa kule juu zaidi ya anavyokaa binadamu, akaugusa kwa kipaji, kidogo tu, chini, miguuni mwa Sadiq. Sadiq hakuhitaji hata kuutuliza. Goli.

Hakuwahi kuupiga mpira vizuri hivyo maishani mwake. Katika miaka sita ya simu hakuwahi hata kuubuni.

"Sadiii-iiq!" spika ikapiga kelele. Sadiq akabebwa. Hamdu alisimama alipotua, akatazama ng'ambo. Pale pa watu wa Mbwajumali palikuwa na vifuu vya madafu tu.

Baada ya kombe kunyanyuliwa Dawud alimjia. "Asante, kaka. Msimu ujao njoo upande wangu. Nahitaji mtu wa kunisaidia kupanga mazoezi."

"Kupanga koni."

"Si koni tu."

"Sawa, kochi."

Kesho yake asubuhi Mzee Amini alipiga simu. Walipita Mkanda, tope limewakwaruza tumbo la boti, lakini walipita.

"Mumeshinda, nasikia. Na goti?"

"Limepoa, baba."

"Hiyo ni Fatiha, si panadoli. Jeilani amepata habari kwamba uliingia mwisho. Ukafanya nini?"

Miaka yote Hamdu hakuwahi kukosa la kujibu hapo. Sasa alikuwa na ukweli mkononi.

"Niliruka, baba," akasema. "Nikampa Sadiq."

"Ukaruka." Jogoo wa Mbwajumali akawika kwenye simu. "Sikiza, mwanangu. Mambo yako nimeyasikia miaka sita. Kusikia basi. Nitafutie hiyo picha ya video, niione kwa mato yangu."

Hamdu hakuuliza baba yake anajua nini. Aliinama akatoka mlangoni kwa Bi Zamzam, akateremka kwa Fairuz, mwenye kiduka cha kutoa kopi na kusafisha picha. Fairuz ndiye aliyepiga video ya fainali. Akaiweka kwenye kompyuta, akaisogeza hadi dakika ya themanini na sita.

Wazir anapiga. Mpira unatoka kwenye kioo. Kamera haiufuati mpira. Imekaa chini, inawatazama watu. Kisha anaonekana Hamdu, kuanzia shingoni kwenda chini: fulana, mikono ya mabeki mabegani mwake, miguu miwili mirefu ikiinuka kutoka ardhini. Kichwa hakimo. Mpira unaingia tena kutoka juu, Sadiq anapiga, goli, kamera inakimbia na Sadiq.

"Rudisha," Hamdu akasema.

Fairuz akarudisha. Miguu ikainuka tena.

"Hukuinua kamera?"

"Siku hizi mpira ni chini chini, bro. Nimezoea kuweka chini. Sikujua."

"Hakuna mwingine aliyepiga?"

"Ni mimi tu." Fairuz alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kando. "Nikuwekee?"

Hamdu aliomba irudishwe mara ya tatu. Aliegemea karibu kabisa na kioo, kwenye ukingo wake wa juu, pale shingo inapoishia.

"Niwekee," akasema, akaingiza mkono mfukoni. Video nzima ya fainali, pamoja na memori kadi, ni shilingi mia tano.